Siki, Magadi na Uzito wa Mwili

 

Mama mmoja wa Ruiru ameniandikia barua. Asema kwamba Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alisimama mgeni mwenye chupa za maji na karatasi iliyochapishwa vizuri, akawafundisha akina mama waliobaki. Fundisho lake lilikuwa hili: unene na magonjwa yote hutokana na tindikali iliyojaa katika damu. Mwili, ati, hujiwekea mafuta ili kujikinga na tindikali hiyo. Basi mtu akila vyakula vya alkali peke yake, na kunywa maji ya alkali yanayotengenezwa kwa mashine (bei ya mashine yenyewe yapita karo ya muhula mzima), mafuta hayana kazi tena, yatayeyuka yenyewe. Mama huyu ana kilo 92, tena ana ugonjwa wa sukari. Mgeni alimwambia kuwa baada ya majuma matatu ataweza kuviacha vidonge vyake. Auliza kama ni kweli.

Sitamjibu kwa neno moja, kwa kuwa ndani ya fundisho hilo mna kweli na uongo vilivyosukwa pamoja kama ukili.

Tuanze na maneno yenyewe. Tindikali, au asidi kama wengi wetu tusemavyo, ni ule ukali uuonjao katika ndimu, siki, maziwa ya mala na nanasi lisiloiva. Alkali ni kinyume chake: maji ya majivu, sabuni, na magadi yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi huko Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Ukichanganya siki na magadi, hutoa povu, kisha kila kimoja humvunja mwenzake nguvu. Mwandishi wa Mithali alilijua jambo hilo zamani sana. Katika sura ya 25, mstari wa 20, alipotaka kuonyesha jinsi ilivyo vibaya kumwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni, alitoa mfano wa siki na magadi. Wenye maabara hupima ukali huu kwa kipimo kiitwacho pH, toka 0 hata 14. Maji safi ni 7, katikati. Ndimu iko karibu na 2. Magadi yaliyokorogwa ndani ya maji hupita 10. Kila hatua moja ni mara kumi ya iliyotangulia, kwa hiyo tofauti ndogo ya hesabu ni tofauti kubwa ya mambo.

Wakulima walioko kati yenu hawahitaji maelezo marefu hapa. Udongo wetu mwekundu una tabia ya kuwa na tindikali, na mbolea nyingine za dukani huiongeza mwaka baada ya mwaka. Kule Ruiru, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, ile iliyotupa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, mkulima hushauriwa kupima udongo kwanza. Ukionekana kuwa na tindikali kupita kiasi kwa kahawa, atanyunyiza chokaa, naye ataona matunda ya kazi yake. Nadhani ndiyo sababu fundisho la yule mgeni huingia masikioni mwetu kwa urahisi. Twajua kuwa shamba lililochoka kwa tindikali huponywa kwa chokaa, basi kwa nini mwili usiponywe vivyo hivyo?

Ni kwa sababu shamba halina mapafu wala figo.

Fanya jaribio dogo hapo ulipokaa. Bana pumzi. Usihesabu haraka. Kabla dakika haijaisha utasikia kifua kikikusukuma upumue, na hata ukijikaza utashindwa. Kinachokusukuma zaidi si ukosefu wa hewa safi, bali ni hewa ya kaboni iliyozidi katika damu, ambayo ikichanganyika na maji ya damu hugeuka tindikali. Ubongo huipima bila kukoma, usiku na mchana, na ikipanda kidogo tu huamuru mapafu yaitoe nje. Huo ndio mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni figo. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, hurudisha karibu yote, na katika lita moja au mbili zinazobaki hutupa nje tindikali iliyozidi pamoja na takataka nyingine. Tena damu yenyewe ina akiba ya bikaboneti, nayo ni ndugu wa magadi, ya kuvunja ukali mara unapotokea.

Kwa kazi ya hao watatu, damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Haiendi nje ya hapo kwa sababu ya nyama choma, wala hairudi kwa sababu ya mchicha. Na tazameni kwamba damu hiyo tayari ni alkali kidogo, toka siku tuliyozaliwa, kabla hatujanunua chupa yoyote.

Lakini mgeni alikuwa na karatasi za kupimia mkojo! Aliwaonyesha wale akina mama jinsi rangi ilivyobadilika baada ya siku tatu za kula mboga. Sikatai, rangi hubadilika kweli. Mkojo waweza kuwa na pH ya 5 leo na 7 kesho kufuatana na ulichokula, maana ndiyo njia ambayo figo hutupia vitu nje. Apimaye mkojo ili aijue damu ni kama mtu aendaye kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, akiona limejaa aseme nyumba ni chafu. Kumbe limejaa kwa sababu nyumba imefagiliwa.

Na yale maji ya mashine? Yakishuka tumboni hukutana na tindikali ya tumbo, ambayo pH yake ni kama 1.5 hadi 3.5, kali kuliko nanasi lolote la Thika. Mungu aliiweka humo iyeyushe nyama na kuua vijidudu. Alkali ya chupa huishia hapo. Kisha chakula kikitoka tumboni kuingia matumbo madogo, kongosho hukimiminia bikaboneti yake yenyewe, bure. Kwa hiyo aliyekunywa maji ya bei na aliyekunywa maji ya bomba yaliyochemshwa, kwa jambo hili wako sawa.

Hapa niseme kidogo juu ya wale wanaolalamika, "Nina asidi," wakishika kifua baada ya kula. Hilo ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni tindikali ya tumbo ikipanda kooni, au ni kidonda cha tumbo. Vidonda vingi huletwa na kijidudu ambacho waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walikitambua katika miaka ya 1980, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Vina dawa hospitalini. Havihusiani na pH ya damu, ingawa wauzaji hupenda kuvichanganya.

Sasa fundisho hili lilitoka wapi? Halikuanzia Kenya. Katika karne ya 19 wataalamu walikuwa wakichoma vyakula katika maabara na kuchunguza majivu yake. Majivu ya nyama, mayai na nafaka yalionekana kuelekea tindikali; majivu ya matunda na mboga yalielekea alkali. Jambo hilo ni la kweli, na mabibi zetu walilijua bila maabara. Huko Magharibi mwa Kenya hata leo wako wanaochuja maji katika majivu ya maganda ya maharagwe wakayatumia kulainisha mboga za kienyeji. Ndiyo maana hata ndimu, iliyo chachu mdomoni, huhesabiwa na watu hawa kuwa chakula cha alkali. Kosa lilikuja pale waliposema kwamba kwa kuwa majivu yako hivi, na damu nayo itakuwa hivi. Katika miaka ya 1920 na 1930 daktari mmoja Mmarekani, William Howard Hay, alieneza mafundisho kwamba tindikali ndiyo mzizi wa magonjwa. Mwaka 2002 Mmarekani mwingine, Robert O. Young, alitoa kitabu kilichoyafanya mambo haya yajulikane kila mahali. Watu wagonjwa sana walimwendea, wengine wakiwa na kansa. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama huko San Diego lilimwona na hatia ya kufanya kazi ya udaktari bila leseni, na mwaka 2017 akafungwa. Mwaka 2018 baraza jingine liliamuru alipe dola milioni 105 kwa mama mmoja ambaye, kwa kumfuata yeye, aliacha kutibiwa kansa ya titi mpaka ikaenea. Na mwaka ule wa 2016 wachunguzi wawili wa Kanada, Tanis Fenton na Tian Huang, walikusanya uchunguzi wote walioweza kuupata juu ya vyakula na maji ya alkali na kansa. Hawakuona ushahidi wa kutegemewa.

Lakini mtaniuliza, mbona wako waliokonda? Tunawajua kwa majina. Ni kweli, nami sitawaambia macho yenu yanawadanganya. Mtu akiifuata ile karatasi ataacha soda, mandazi, chapati, keki, pombe na nyama ya mafuta, na sahani yake ataijaza sukuma wiki, managu, terere, maboga na matunda. Soda ya chupa ndogo peke yake ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Chapati moja iliyopikwa kwa mafuta yaweza kupita kalori 200, na ni nani kwetu anayekula moja? Mboga nazo hujaza tumbo, kwa kuwa zina maji na nyuzinyuzi, bila kuleta nguvu nyingi za kugeuka mafuta. Basi amekula kidogo kuliko alivyotumia, naye amepungua. Angekula hivyo hivyo bila kusikia neno alkali, angepungua kilo zile zile.

Tena nataka mwone jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Tukifuata hesabu ya majivu kwa uaminifu, mafuta ya kupikia hayana tindikali wala alkali. Ni sifuri. Sukari nyeupe nayo ni karibu na sifuri, kwa kuwa ikichomwa haiachi majivu ya kuhesabika. Maana yake ni kwamba vile vitu viwili vinavyotunenepesha zaidi hapa kwetu, fundisho lenyewe haliwezi kuvihukumu! Yai na omena vimekatazwa, na uji wa wimbi umekatazwa, lakini mafuta yanapita. Wanaoandika sukari upande wa tindikali huiandika kwa kuwa wanajua inanenepesha, si kwa kuwa hesabu yao inasema hivyo. Na parachichi la Makuyu, ambalo liko juu kabisa katika orodha ya alkali, gramu 100 zake zina kalori 160 hivi. Ni chakula chema, lakini anayetaka kupungua asile matatu kwa siku akidhani hayahesabiwi.

Wengine huleta Danieli. Husema yeye na wenzake walikataa chakula cha mfalme wakala mboga na maji, basi tufunge mfungo wa Danieli tukonde. Fungua sura ya kwanza, usome mstari wa 15 pole pole. Baada ya siku kumi vijana wale walionekana kuwa na miili iliyonona kuliko wote waliokula vyakula vya mfalme. Walifanya vile ili wasijitie unajisi, na Bwana akawatunza. Anayetaka kufunga na kuomba na afunge, ni jambo jema. Lakini tusimfanye Danieli mchuuzi wa kupunguza matumbo.

Uzito wenyewe ni jambo la kweli, nisije nikaeleweka kuwa naudharau. Uchunguzi mkubwa wa serikali wa mwaka 2015 uliwaona asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya kuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 38. Wazee wetu waliona unene kuwa dalili ya nyumba yenye chakula, na katika ile miaka ya kwanza ya UKIMWI mtu aliyekonda alinong'onwa. Hofu hiyo haijaisha. Nimewasikia wake wachanga wakisema hawawezi kupungua kwa sababu ya maneno ya jirani. Na wakati huo huo twatembea kidogo sana. Toka barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 tumejaa watu wanaokaa ndani ya matatu asubuhi, wakakaa ofisini au dukani mchana, wakarudi wamekaa jioni. Yule babu aliyechuma kahawa kutwa alikula githeri sahani mbili na hakunenepa.

Sasa nimrudie mama yangu wa barua, kwa kuwa vidonge vyake ndivyo vinavyonikosesha usingizi.

Mama, kuna watu ambao damu yao huwa na tindikali kweli kweli. Ni wale ambao figo zimekufa, au wanaoharisha vibaya sana, au wenye sukari waliokosa dawa. Mwenye sukari akikosa insulini, mwili hushindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu, hivyo huchoma mafuta yake ovyo, na moto huo hutoa tindikali nyingi kuliko mapafu na figo ziwezavyo kuondoa. Huyo ataona kiu kubwa na kukojoa mara kwa mara. Kisha atatapika, tumbo litamwuma, atapumua kwa nguvu na haraka kama aliyepanda kilima, kinywa chake kitanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na mwisho atalala usingizi asioamka. Angalieni tena: mtu huyo hukonda haraka. Kama ingekuwa kweli kwamba tindikali hunenepesha, yeye angekuwa wa kwanza kunenepa. Wala hataokolewa kwa maji ya alkali na tango. Huokolewa kwa insulini na maji ya mshipa, hospitalini, siku ile ile. Ukiona dalili hizo kwa mtu wa nyumbani mwako, usingoje asubuhi.

Kwa hiyo vidonge visiachwe. Ukipungua uzito, yawezekana daktari mwenyewe atapunguza dawa, na siku hiyo tutashangilia pamoja. Hata kabla ya kuanza kula upya, mwambie, hasa kama unadungwa sindano, kwa maana ukikata ugali na viazi ghafula huku dawa ni ile ile, sukari yaweza kushuka ukaanguka.

Mwenye figo dhaifu naye ajihadhari. Ndizi, parachichi, viazi na mboga za majani zina potasiamu nyingi, na figo zilizoshindwa haziitoi. Ikijaa, moyo waweza kusimama. Ajabu ni kwamba wako wagonjwa wa figo ambao daktari huwapa bikaboneti, au huwaongezea matunda na mboga kwa kipimo, na wako wenye mawe ya aina fulani katika figo ambao hupewa dawa ya kuufanya mkojo uwe alkali. Hiyo ndiyo kweli iliyomo katika ukili ule. Lakini wao wamepimwa damu kwanza, na kiasi chao kimeandikwa.

Nimesikia pia wanaokoroga magadi au baking soda katika glasi kila asubuhi ili "wasafishe" damu. Acheni. Vitu hivyo vina sodiamu nyingi, ile ile iliyomo katika chumvi, nayo hupandisha shinikizo la damu. Magadi ya ziwani huwa pia na floridi inayoharibu meno ya watoto. Hata katika sufuria ya githeri, magadi huua vitamini ya B1 iliyomo katika maharagwe. Loweka usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya, yataiva.

Na chakula cha kupunguza uzito kiko hapo hapo sokoni Thika na Ruiru, wala hakiitwi kwa jina la kigeni. Jaza nusu ya sahani kwa mboga. Sukuma wiki yetu ni jamii ya ile mboga ambayo Wamarekani huiuza kwa bei kubwa wakiisifu kwenye vitabu vyao. Robo iwe maharagwe, ndengu, samaki au yai, na robo iliyobaki iwe ugali, nduma au kiazi kitamu. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe toka mtungini. Chai isipate vijiko vitatu vya sukari. Soda ingojee harusi, na hata harusini iwe moja.

Chukua utepe wa fundi wa nguo, ujipime kiuno juu ya kitovu. Mwanamke akipita sentimita 88, na mwanamume akipita 102, hatari ya moyo na sukari ni kubwa. Mwenye kilo 92 hahitaji kurudi kwenye uzito wa siku ya arusi yake. Akipunguza kilo tano hadi tisa, polepole, kwa miezi, shinikizo na sukari huanza kushuka. Jipime mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai. Na jioni, badala ya kungoja bodaboda, shukeni kituo kimoja kabla ya kwenu mkamalize njia kwa miguu, wawili wawili, mkizungumza.